Waya wa Jakuzi Upite Wapi

4 Februari

Mwanangu Injinia,

Pokea salamu zangu. Mimi mzima, ukiacha goti la kushoto ambalo limeanza kutabiri mvua na linakosea kila mara. Natumaini nawe hujambo huko kwenye bwawa lenu, na kwamba bado mnatutengenezea umeme, maana huku unakatika kila ninaposhika pasi. Sikulaumu wewe. Najua unautuma vizuri, unaharibikia njiani.

Kaka yako Mheshimiwa hajambo. Nimemzaa mwenyewe, lakini siku hizi hawezi kuomba chumvi mezani bila kuanza na "ndugu zangu". Anakuja Jumapili na mkewe, wanakaa ukingoni mwa viti kama watu wanaosubiri kuitwa na daktari. Anatazama uani kupitia dirishani na kusema, "Mama, eneo lote hili limekaa tu." Namwambia hata mimi nimekaa tu tangu nistaafu ukarani wa mahakama, mbona hanitolei hotuba. Anacheka. Mkewe hacheki, anapima mapazia kwa macho.

Sasa neno lililonifanya nishike kalamu. Jirani yangu daktari wa meno amehama. Alikuwa na jakuzi, lile beseni kubwa ambalo watu sita wanakaa ndani kwenye maji moto yanayotoa mapovu. Lori la kuhamisha lilijaa, mkewe akasema afadhali waache jakuzi kuliko friji, na mimi nilikuwa nimesimama langoni nawaaga. Kwa kifupi, iko uani kwangu, imelazwa juu ya matairi na kufunikwa turubai. Waliibeba vijana wanne, na mmoja wao bado anatembea ameshika kiuno.

Naomba unichoree njia ya umeme. Mita iko palepale barazani mbele. Jakuzi nataka ikae kona ya mwisho kabisa, kwenye ukuta wa nyuma. Waya ufukiwe chini, na ningependa upite katikati ya uwanja. Usimwambie kaka yako, nataka kumshtukiza.

Nakuandikia barua kwa sababu simu yangu alininunulia yeye, na kila akija anaishika, anapitisha kidole, anasema anaifuta vumbi. Na wewe uliniambia huko kwenu mtandao unapatikana mtu akipanda juu ya tangi la maji. Sitaki kuelezwa mambo ya umeme na mtu aliye juu ya tangi. Dereva wa kampuni yenu anayepita hapa mjini amekubali kuwa tarishi wetu.

Ni mimi shangazi yako, ambaye hajawahi kuoga kwenye kitu chenye swichi.


26 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilikaa chini ya kiti cha dereva pamoja na jeki, ndiyo maana imenifikia ikiwa na grisi na nimechelewa kujibu. Mimi sijambo. Bwawa limejaa na mabosi wanapongezana kana kwamba mvua waliileta wao. Nami nimepewa kukaimu usimamizi wa zamu, maana yake nafanya kazi mbili na kusifiwa kwa moja. Goti pole sana. Ulilikunja miaka mingi chini ya meza ile ya mahakama ili mimi nisome, sasa linadai haki yake.

Kuhusu jakuzi nimeshangaa, lakini nimefurahi. Naomba tu tuelewane, Shangazi, jakuzi si birika. Birika unachomeka, linachemka, unachomoa. Jakuzi ina hita na pampu, vyote vinavuta umeme kwa pamoja, na watu wako ndani ya maji na nguo ndogo. Inataka laini yake peke yake kutoka kwenye swichi kuu, isishirikiane na pasi wala friji. Inataka waya wa ardhi uliozikwa vizuri. Inataka ile swichi ya kinga inayokata umeme yenyewe mara tu unapoanza kuvuja, kabla mtu hajajua kuwa umevuja. Na ya kuzimia iwekwe mahali ambapo aliye ndani ya maji hawezi kuifikia kwa mkono, lakini aliye nje anaiona.

Kwa hiyo nisomee kibati kilichobandikwa kwenye pampu, nisomee na namba za swichi kuu, halafu unipimie umbali. Lakini kwa nini kona ya mwisho? Iweke karibu na ukuta wa jikoni, waya utakuwa mfupi, umeme hautachoka njiani, na wewe hutatembea na taulo uwanja mzima.

Halafu, Shangazi, kwani kuna haraka gani? Jakuzi iliyofunikwa turubai haiozi. Ungeweza kusubiri mpaka mwisho wa mwaka. Uani kunaweza kubadilika, huwezi kujua.

Mtoto wa kaka yako, anayekuwaza.


17 Machi

Mwanangu Injinia,

Salamu nyingi, na hongera kwa kukaimu. Mimi nilikaimu nafasi ya karani mkuu mpaka waliponiletea mwingine nimfundishe kazi. Huku ni wazima. Paka wa daktari wa meno alikataa kuhama, sasa analala juu ya turubai ya jakuzi, anadhani ameachiwa urithi.

Nimekuandikia namba zote kwenye karatasi ya nyuma. Umbali nilipima kwa kamba ya kuanikia nguo, nikaifunga fundo kila hatua, kisha nikaipima kwa rula ya cherehani. Nguo zilishinda chini siku hiyo, lakini vipimo ni vya kweli.

Fundi umeme wa mtaani alikuja kutazama. Tunamwita Fundi Kesho, kwa sababu hilo ndilo jibu lake hata ukimwuliza jina. Alizunguka jakuzi mara moja, akasema haina haja ya laini wala mchoro, atavuta waya kutoka kwenye soketi ya jikoni, upitie dirishani. Nilimwambia kuna mtu aliyesomea anayechora. Akasema waliosomea ndio wanaochelewesha kazi. Hapo niliukumbuka mchoro wako.

Kwenye ukuta wa jikoni sitaki. Moshi utaingia kwenye maji. Tena dirisha la jirani mpya linatazama palepale, nami sina umri wa kutazamwa. Tena pale ndipo paka anapojisaidia. Chagua sababu mojawapo. Nataka waya utoke barazani, ufuate ukuta mpaka nusu, uingie katikati ya uwanja, ndipo uende kona ya mwisho.

Na nikuulize, wewe ni mtaalamu: ni kweli kwamba juu ya waya wa umeme uliofukiwa mtu haruhusiwi kujenga? Nauliza kwa sababu ya banda la kuku.

Unasema uani kunaweza kubadilika. Kunaweza kubadilikaje, mwanangu?

Ni mimi, niliyekufundisha kupiga mstari kwa rula.


20 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na unisamehe kwa ukimya. Mtambo mmoja ulikuwa kwenye matengenezo, tumelala na kuamka humo. Nimekonda kidogo, usiogope, ni uzuri tu. Mvua imepungua na mabosi wameacha kupongezana.

Vipimo vyako viko sawa kabisa, mafundi wangu hapa wangeona aibu. Kamba ya nguo!

Kuhusu banda la kuku, haina neno. Banda la mbao lisilo na msingi linaweza kukaa popote. Jengo lenye msingi ndilo lisiloruhusiwa juu ya laini iliyofukiwa, kwa sababu waya ukiharibika hauwezi kufikiwa, na mtu akichimba anaweza kufa. Lakini wewe hujengi, kwa hiyo hilo halituhusu.

Njia unayoitaka ni ndefu bila sababu. Kila nikiichora mkono unakataa. Umeme ukipita njia ndefu unapungua nguvu, na itabidi nitumie waya mnene zaidi ili kufidia. Mtu yeyote aliyesomea kazi hii atakuambia uchukue njia fupi. Nitafikiria tena. Mchoro bado sijaumaliza.

Niliposema uani kunaweza kubadilika nilikuwa nasema tu, kama watu wanavyosema.

Kaka Mheshimiwa hajambo? Amekuja karibuni? Amesema chochote?

Mtoto wako.


9 Mei

Mwanangu Injinia,

Salamu. Kukonda si uzuri, kula.

Kaka yako amekuja Jumapili na mtu aliyevaa kofia ya plastiki ndani ya nyumba. Walikwenda uani, yule mtu akavuta futi ya chuma huku na huku, akapima, akaandika, akatema mate kwenye waridi langu. Nilimwuliza Mheshimiwa wanapima nini. Akasema, "Tunapata picha tu, Mama." Mimi nikipata picha huwa sihitaji futi.

Halafu wakanichukua kwa gari kwenda kula kwao. Baada ya chakula mkewe akanionyesha chumba cha wageni. Ni chumba kizuri. Kina meza ya pasi, kina ile mashine ya kukimbia bila kufika popote, na katikati kina kitanda cha mtu mmoja kilichotandikwa kwa kukazwa, kama cha hospitali. Dirisha linatazama gari lao. Mkwe akasema, "Hapa Mama utajisikia uko kwako." Nikamwambia mapazia ni mazuri. Walitazamana. Hakuna aliyeniuliza swali, kwa hiyo sikuwa na cha kujibu.

Mchoro wako sijauona. Kwa kuwa una kazi nyingi, nilimruhusu Fundi Kesho ajaribu ule mtindo wake wa dirishani, tuone tu kama pampu ni nzima. Tulijaza maji kidogo. Alichomeka jikoni, akaja uani, akainama kutia mkono ajue kama yanapata moto. Sikusikia mlio wowote. Nilimwona tu amekaa chini mbali na pale alipokuwa amesimama, na kandambili yake moja inaelea ndani ya jakuzi. Nikamwuliza kama anaumwa, akasema, "Kesho." Nimempa chai, amekwenda kwake kwa miguu yake.

Ukiona kazi imekuzidi sema tu, mimi sina haraka. Atarudi kuendelea wiki ijayo.

Shangazi yako.


21 Mei

Shangazi,

Samahani, sina salamu. Nimepanda tangi kukupigia, simu yako haipatikani. Zima swichi kuu sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma. Chomoa ule waya wa dirishani kwa mkono mkavu, ukiwa na viatu vya mpira, na usimruhusu yule mtu aguse kitu. Mwambie ana bahati. Wewe nawe una bahati.

Mchoro huu hapa. Ulikuwa tayari tangu mwezi wa nne. Sikuuleta, na sasa nitakuambia kwa nini, maana nimeona afadhali unichukie kuliko upigwe shoti.

Mwezi wa kumi na mbili kaka Mheshimiwa alinipigia nikiwa juu ya tangi. Akaniambia anajenga vyumba vinane vya kupangisha uani kwako, na anataka nimchoree umeme. Nikamwuliza, "Shangazi anasemaje?" Akasema, "Mama ndiye aliyeomba. Amechoka na nyumba kubwa, anahamia kwetu." Nilitaka kuamini, kwa sababu aliyesema alikuwa yeye, na kwa sababu kukuuliza kungekuwa kumwita kaka yangu mwongo. Nikachora. Nikampa. Akanisifu sana.

Barua yako ya kwanza ilipofika nilijua palepale kwamba hujaomba chochote. Badala ya kukuambia, nikakushauri usubiri. Kisha nikakushauri ukuta wa jikoni, kwa sababu kwenye mchoro wa kaka pale hapajengwi. Sikuwa nachagua njia fupi kwa ajili ya umeme. Nilikuwa nachagua njia isiyogombana na vyumba vyangu.

Nimekuchorea njia uliyoitaka, ndefu, katikati ya uwanja, na waya mnene unaostahili. Ukitaka kujua, unakata vyumba vitano kati ya vinane, na unapita katikati kabisa ya choo cha chumba cha nne, ambacho taa yake niliichora mimi mwenyewe. Namtuma fundi wetu mwenye leseni, atachimba, atafukia, atapima. Baada yake atakuja mkaguzi kuipitisha kisheria. Ikishapitishwa, hata mimi siwezi kuihamisha kwa kusema tu.

Sema chochote utakacho kunihusu. Lakini kwanza swichi.

Mimi.


18 Juni

Mwanangu Injinia,

Salamu zangu zote, na zile ulizokosa kuziandika nimezichukua kama zimefika. Ile ndiyo barua ya kwanza kutoka kwako isiyo na salamu tangu ujue kuandika, na ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Swichi nilizima. Fundi Kesho amepona, ila siku hizi akitaka kuwasha redio anamwita mkewe.

Kuhusu lile jambo, nilijua. Mwezi wa kwanza kaka yako alinidokeza akiwa mlangoni anavaa viatu. "Mama, mambo yako mbioni, hata Injinia wako ameshachora umeme wa vyumba." Vyumba gani, hakusema. Akafunga kamba za viatu akaenda zake. Unadhani kwa nini nilikuandikia wewe, wakati mafundi wamejaa mtaani? Nilikaa mahakamani nusu ya maisha yangu nikiandika maneno ya watu. Shahidi ukimkaripia anafunga mdomo. Ukimwuliza vipimo anaendelea kujibu, mpaka anafika mwenyewe. Wewe ulichukua muda, lakini ulifika. Nisingekuchukia. Ningekununia tu, na hilo unalijua lilivyo.

Fundi uliyemtuma ni mtu wa kazi. Alichimba mtaro wa kina, akamwaga mchanga, akalaza waya, akamwaga mchanga tena, akapanga matofali juu, akatandaza utepe wa njano wa tahadhari, ndipo akarudisha udongo. Njia nzima amesimika vibao vyenye alama ya radi. Uani kwangu sasa panafanana na kambi ya jeshi. Mkaguzi alikuja, akabonyeza ile swichi ya kinga, umeme ukakatika papo hapo, akatikisa kichwa kama aliyeonja mchuzi ukamkubali. Akasaini.

Ya simu aliyokupigia kaka yako unayajua, lakini wewe ulisikia sauti tu. Nikusimulie ulichokosa.

Nilikuwa naanika mashuka. Likaingia lori la mawe, nyuma yake gari la Mheshimiwa, nyuma yake mafundi na yule wa kofia. Mawe yakamwagwa kabla mtu hajanisalimia. Ndipo kaka yako akaona vibao.

"Mama, hiki ni nini?"

"Umeme."

"Umeme wa nini?"

"Wa kuogea."

Akatazama turubai, akatazama kibao, akafuata vibao kwa macho mpaka barazani na kurudi. Fundi mkuu wa ujenzi akashusha sururu yake taratibu, akasema, "Bosi, hapa mimi sichimbi. Nina watoto." Hapo ndipo alipokupigia, akaweka sauti kubwa ili wote tuelimike. Nilisikia upepo, nikajua uko juu ya tangi.

"Injinia, hebu muelimishe mama. Juu ya waya kama huu mtu si anaweza kujenga?"

"Hapana, kaka."

"Hata ukiwa chini sana?"

"Hata hivyo."

"Basi uhamishwe! Ni nani huyu aliyeupitisha katikati ya uwanja kama njia ya mlevi?"

"Ni mimi, kaka."

Wewe ulidhani simu imekatika. Haikukatika. Aliishusha tu, akabaki ameishika kama kitu alichokiokota barabarani. Mafundi walitazama mawingu. Yeye akakaa juu ya lile rundo la mawe na suti yake. Nikamletea chai. Hakunywa. Aliniambia, "Mama, ungesema tu kwamba hutaki." Nikafungua mdomo nimjibu, nikaona ana mvi nyuma ya sikio ambazo sikuwa nimeziona, nikaufunga. Akaondoka. Mawe yako hapa.

Jumapili hakuja. Hii iliyopita pia hakuja. Nakuandikia kama mtu aliyeshinda kesi, mwanangu, na nyumba iko kimya mno.

Shangazi yako.


25 Julai

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, nimenenepa kama ulivyoamuru. Ukaimu umekwisha, wameleta mwingine nimfundishe kazi. Nilimkaribisha huku nacheka peke yangu, akadhani namcheka yeye.

Kaka ameniandikia ujumbe mmoja tu tangu siku ile: "Asante kwa huduma zako." Nimeusoma mara nyingi nikitafuta tusi, sijaliona, na ndilo linaloniuma. Mkewe alinipigia. Nilidhani anataka kugomba, kumbe alitaka mtu wa kuzungumza naye. Anasema kaka amekuwa mkimya, mgongo unamsumbua, hata vitu mezani anaomba kwa kunyoosha kidole. Anasema mwenye kampuni ya ujenzi amemkasirikia na wamevunja makubaliano. Akaniuliza, "Kwani Mama chumba hakukipenda?" Nikamwuliza kama yeye angekipenda. Akasema ile mashine ya kukimbia wangeweza kuihamisha.

Nataka kuja nizungumze na kaka. Niambie kama nije, au nitaharibu zaidi.

Na kuna jambo moja hujaliandika hata siku moja, tangu mwezi wa pili. Umeshaingia kwenye hiyo jakuzi? Ni ya kuogea, au ilikuwa hoja tu?

Mtoto wako.


6 Septemba

Mwanangu Injinia,

Salamu nyingi. Nimechelewa kwa sababu kila nilipoanza kuandika hapakuwa na habari, na kuandika ukimya kwenye karatasi ni kupoteza wino. Leo zipo.

Kwanza nikujibu ulichouliza. Ilikuwa hoja. Ilipowashwa niliizunguka kama paka anavyoizunguka, nikatia kidole, nikaona maji yanachemka mahali pengi kwa wakati mmoja, nikasema mimi si kitoweo. Mwezi mzima nimeloweka humo mablanketi. Yanatakata ajabu, mapovu yanayafikicha yenyewe. Fundi wako asijue.

Pili, kaka yako amekuja. Leo, siku ya kazi, peke yake, bila suti. Aligonga lango lake mwenyewe, akangoja nimfungulie. Anatembea ameinama upande mmoja kama kabati lililovunjika mguu. Sikutaja mgongo, na yeye hakutaja mawe, ingawa tuliyapita. Tuliongea habari za paka. Tukafika uani, akasimama mbele ya jakuzi, akauliza kwa sauti ya zamani, ile ya kabla ya hotuba, "Hivi inafanya kazi kweli?"

Nikatoa mablanketi. Nikabadilisha maji, nikawasha, tukakaa kusubiri yapate moto. Akaingia na bukta. Mara ya mwisho kumwona kwenye maji nilikuwa namsugua masikio. Alipokaa alitoa sauti, mwanangu, sauti ambayo hata siku ya harusi yake hakuitoa. Mimi nikavuta kigoda, nikazamisha miguu tu. Goti limeshukuru, nakiri.

Baadaye akasema, macho ameyafumba, "Mama, ungesema tu kwamba hutaki."

"Hukuniuliza nikatae."

Mapovu yakaendelea. Akafumbua macho.

"Basi nakuuliza. Unataka kuhamia kwetu?"

"Hapana."

"Chumba tumetoa mashine."

"Nashukuru. Hapana."

Nilidhani atasimama aanze na "ndugu zangu". Lakini aliuliza tena, taratibu, "Na vyumba? Mawe yapo, mafundi naweza kupata wengine. Unataka vyumba, au hutaki?"

Tangu baba yake afariki watu wengi wamenipa taarifa. Huyu alikuwa ameniuliza, na alikuwa anangoja. Nilimwacha angoje. Nilitazama uwanja wangu wote, nikatazama ukuta, nikarekebisha kanga yangu, nikazungusha miguu ndani ya maji. Hakunikatiza. Sijui kama nimewahi kustarehe vile.

Nikamwambia, "Viwili. Sio vinane. Vikae mbele, karibu na lango, nimwone anayeingia na anayetoka. Wapangaji nachagua mimi, na kodi naipokea mimi."

Akasema, "Viwili ni vichache sana, Mama."

"Basi usijenge."

Akafikiri. Akasema sawa. Kisha akasema nikuandikie wewe uchore, nikamwambia aandike mwenyewe, na aanze na salamu. Akasema hajui aanzeje. Utakapopata barua yake usimsahihishe.

Kwa hiyo usije kuzungumza naye. Njoo utusalimie tu, na uje na nguo ya kuogea. Mkwe naye amesema atakuja Jumapili, anaona haya, anataka kujua kama kuna kipazia. Nimemwambia aje akipime mwenyewe, si ndiyo kazi yake.

Naishia hapa. Nakuandikia nikiwa bado nimekaa kwenye kigoda, karatasi imelowa pembeni kama unavyoona, kwa sababu Mheshimiwa amepitiwa na usingizi humo ndani, mdomo wazi, paka amekaa ukingoni anamtazama usoni. Nimeinuka mara moja kuzima hita kwenye ile swichi uliyoiweka mbali na mkono wake. Maji bado yana uvuguvugu. Namwacha dakika chache, halafu nitamwamsha, maana vidole vyake vimeanza kukunjamana.

Shangazi yako, mwenye nyumba.